Nchi Huombewa, Mungu Husifiwa: Mhadhara kwa Walimu wa Kwaya

Bwana Yesu asifiwe. Na kwa ndugu zetu Wakatoliki mlioketi upande wa kinanda, tumsifu Yesu Kristo.

Salamu hizo mbili sikuzitoa kwa desturi tu. Zote zimebeba neno moja, kusifu, na ndilo litakalotushughulisha asubuhi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya kuipenda nchi na kumcha Mungu, na kwa kuwa ninyi nyote ni walimu wa kwaya, nitauliza swali la kazi yetu wenyewe: tunapoimba kanisani siku ya Uhuru, tunamwimbia nani, na tunamwambia nini?

Tuanze na wimbo wa taifa, ambao kila mtoto wa Tanzania huujua. Aliyeutunga, Enoch Sontonga, alikuwa mwalimu katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, tena alikuwa mwalimu wa kwaya kama ninyi. Aliutunga mwaka 1897, na miaka miwili baadaye ukaimbwa hadharani katika ibada ya kubarikiwa kwa mchungaji. Kutoka kanisani uliingia katika mikutano ya siasa, na mwaka 1961 Tanganyika ikaupokea kwa maneno ya Kiswahili. Nawaomba muitazame sarufi yake. "Mungu ibariki Afrika": anayesemeshwa ni Mungu, na kile kiambishi "i" kinaielekea Afrika, ambayo inangoja kubarikiwa. Kisha "wabariki viongozi wake": viongozi nao wamo, lakini wamo upande wa wanaoombewa. Wenzetu wa Kenya, mwaka 1963, walichukua tuni ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto, nao wakaanza vilevile kwa kumwita Mungu. Nyimbo zote mbili ni maombi, na mwenye kuiombea nchi yake amekwisha kukiri kwamba ina upungufu.

Sasa niwaeleze kosa langu mwenyewe. Miaka ya nyuma, usharika niliokuwa nikiufundishia kwaya uliandaa harambee ya kuezeka kanisa, na mgeni rasmi alikuwa kiongozi mkubwa. Kamati ikaniomba nichukue pambio tulilolizoea, lenye neno "Mwokozi" katika kiitikio, mahali pa neno hilo niweke jina la mgeni. Nilikubali, kwa sababu mabati yalikuwa ghali na mvua za masika zilikuwa zimekaribia. Shida ya kwanza ilikuwa ya nota: "Mwokozi" ni silabi tatu, na jina la mgeni lilikuwa na tano, ikabidi nizigawe nota, na daftari langu la solfa bado lina doa la kifutio mahali pale. Shida ya pili ilitokea siku yenyewe. Tulipofika kwenye kiitikio, mama mmoja wa sauti ya pili alifumba mdomo, na wenzake mstari mzima wakamfuata, wimbo ukaendelea ukiwa na tundu katikati. Mgeni hakugundua kitu, mabati alitoa. Baada ya ibada nilimwendea yule mama nikiwa nimekasirika. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, neno hilo nililiimba nikimzika mwanangu. Siwezi kumpa mtu."

Usiku ule nilisoma Matendo ya Mitume, sura ya 12. Herode ameketi katika kiti chake, amevaa mavazi ya kifalme, anahutubia, na watu wanapiga kelele kwamba hiyo ni sauti ya Mungu wala si ya mwanadamu. Mwisho wa Herode mnaujua: hakumpa Mungu utukufu, akapigwa na malaika, akafa. Tunachokiruka mara nyingi ni mstari unaotangulia: wageni wake walikuwa watu wa Tiro na Sidoni, ambao nchi yao ilipata riziki katika nchi ya mfalme. Nao, kwa namna yao, walikuwa na mabati ya kutafuta.

Msinielewe vibaya, kana kwamba nasema kiongozi asiheshimiwe. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 2, anaweka amri mbili bega kwa bega: "Mcheni Mungu. Mpeni heshima mfalme." Hakutumia kitenzi kimoja kwa wote wawili. Heshima haitoshi kwa Mungu, na uchaji ni mzigo ambao hakuna mfalme awezaye kuubeba.

Tena kuna swali la nani hasa ndiye mzalendo. Katika Yeremia sura ya 28, nabii Hanania anawaahidi watu kwamba nira ya Babeli itavunjwa katika muda wa miaka miwili, na bila shaka hotuba yake ilishangiliwa. Yeremia aliyekanusha habari hiyo alikuja kushtakiwa kwamba anawakimbilia adui, akapigwa na kufungwa. Lakini ni Yeremia huyo aliyewaandikia wafungwa wa Babeli wautakie mji amani na kuuombea kwa Bwana, na ni yeye aliyebaki na watu wake Yerusalemu ilipoanguka, ingawa alipewa nafasi ya kwenda kutunzwa Babeli. Karibu na kwetu, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kulalamikia mauaji. Februari 1977 Luwum akauawa. Leo Uganda humkumbuka kila tarehe 16 ya mwezi huo kwa siku ya mapumziko ya taifa zima.

Kwa sababu hizo, katika ibada ya tarehe 9 Desemba mimi huuweka wimbo wa taifa kati ya maombi ya jumla, kabla tu ya Baba Yetu, wala si mwanzoni pamoja na nyimbo za sifa. Siwatungii sheria. Wako wachungaji wanaopenda uimbwe nje, penye bendera, kabla ya kuingia, na sina ugomvi nao. Ila nimeona kwamba ukiwa kati ya maombi watu huuimba polepole, na wengine hufumba macho.

Mpiga kinanda atupe do, tafadhali. Tuchukue ubeti wa pili, bila ngoma, na sauti ya pili naomba isikike.