Diski Bila Gemu Ndani

BARAZA: Haya karibuni tena wasikilizaji, tuko Kisumu hapa Manyatta, mvua imeanza kugonga mabati kwa hivyo mkisikia kelele mtuvumilie. Mimi ni Baraza, niko na Akoth, na leo Akoth amekuja na uchungu.

AKOTH: Uchungu kweli, bana. Nimekaa nao wiki tatu.

BARAZA: Ebu waambie.

AKOTH: Mwezi uliopita nilinunua gemu, diski kabisa, duka moja hapa tauni, elfu nne mia tano. Nilichukua diski makusudi juu nyumbani sina Wai-Fai, natumia bando ya simu tu. Nafika, naingiza, mashini ya gemu inasoma dakika mbili hivi, halafu inaniambia nipakue giga 71. Sabini na moja! Kumbe ndani ya diski hakuna gemu, ni kama ufunguo tu. Nikapiga hesabu ya bando nikaona hapa nitalipa karibu bei ya gemu tena. Nikampigia kasini yangu wa Milimani, nikafunga mashini na leso mbili, nikaitia kwa begi ya shule ya mtoto, nikapanda boda nimeikumbatia hapa kifuani na kulikuwa na manyunyu. Ikakaa kwake siku mbili juu usiku wa kwanza stima ilipotea. Nairudisha nyumbani, nacheza siku nne, siku ya tano inaitisha apdeti giga 18, na bila hiyo apdeti haifunguki.

BARAZA: Haifunguki hata kucheza peke yako?

AKOTH: Hata peke yangu! Ni gemu ya mtu mmoja, Baraza, hakuna mtu nacheza naye. Hizo seva, zile kompyuta za kampuni za mtandaoni, ni za nini?

BARAZA: Na dukani walisemaje?

AKOTH: Kijana wa duka simlaumu, yeye pia analetewa tu boksi zimefungwa. Lakini maandishi ya kusema lazima uwe na intaneti yako nyuma, chini kabisa, nilimulika na tochi ya simu ndio nikayasoma.

BARAZA: Unajua mimi nilijifunzia gemu Kondele, kwa kibanda cha PS2, ile PlayStation ya zamani, shilingi kumi mechi moja, ukifungwa unaamka mwingine anakaa. Mwenye kibanda alikuwa na diski zake kwa kopo la biskuti, ikikwama anaipaka dawa ya meno, anaisugua taratibu na kitambaa kutoka katikati kuenda nje, anaosha, anaingiza, inaendelea. Alipofunga kibanda aliniuzia moja ya mpira. Iko nyumbani Kakamega hadi sai, na Disemba tuliicheza na watoto wa brathe. Hakuna mtu alituuliza akaunti, hakuna mtu alituuliza nenosiri. Ile nililipia ni yangu na hakuna mtu anaweza kuizima akiwa ofisini kwake Ulaya.

AKOTH: Sasa hiyo ya kuzima ndio ilinitisha nikianza kusoma.

BARAZA: Ya The Crew.

AKOTH: Eh. Gemu ya magari ya kampuni inaitwa Ubisoft, ilitoka Disemba 2014. Ilitaka seva hata ukiendesha peke yako. Machi 31, 2024 seva zikazimwa, basi ikaisha, uwe ulinunua diski, uwe ulipakua, hakuna kitu kinawaka. Hata walioinunua mtandaoni leseni, yaani ruhusa ya kucheza, zikaondolewa kwa akaunti zao. Na Januari mwaka huohuo mkubwa mmoja wa Ubisoft wa upande wa usajili, ile ya kulipia gemu kila mwezi, Philippe Tremblay, alikuwa ameshasema watu wazoee kutomiliki gemu. Mimi hiyo kauli imenikaa hapa kooni. Nizoee? Nimetoa elfu nne mia tano, hiyo ni pesa ya kazi, nimesimama saluni siku ngapi nikisuka watu ndio niipate.

BARAZA: Lakini tuseme ukweli pia, seva zinakula pesa. Kampuni haiwezi kuwasha seva miaka ishirini juu ya watu mia mbili wamebaki wakicheza.

AKOTH: Sijasema iwashe milele. Nasema ikitaka kuzima iniachie kitu kinachocheza bila wao. Na inawezekana! Baada ya zile kelele, Septemba 2024 Ubisoft wenyewe walitangaza gemu zilizofuata, The Crew 2 na The Crew Motorfest, zitawekewa njia ya kucheza bila intaneti. Kwa hivyo si kwamba mafundi walishindwa, ni kwamba hawakuwa wameambiwa waifanye.

BARAZA: Hapo umenishinda, nakubali. Na zile kelele zilikuwa kubwa, kuna huyu jamaa wa YouTube, Ross Scott, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games, yaani acheni kuua gemu, Aprili 2024, na ombi lao kwa Umoja wa Ulaya likapita sahihi milioni 1 Julai 2025. California nayo ina sheria tangu Januari 2025, duka la mtandaoni likikuandikia nunua, na kumbe ni leseni tu, lazima likwambie wazi.

AKOTH: Hiyo ya California naipenda. Kama unanikodishia, sema unakodisha, nitaamua kama bei ni sawa. Mimi sina shida na usajili wa kila mwezi, naulipia nikijua nikikosa kulipa imekatwa. Shida ni kuandika nunua.

BARAZA: Na sisi huku tunaachwa nyuma zaidi. Unakumbuka ile gemu ya Helldivers 2, Mei 2024? Sony walitaka wachezaji wa kompyuta wote waunganishe akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation, na nchi kibao hazina PSN, Kenya ikiwemo. Gemu ikaondolewa sokoni kwa nchi 177. Sharti lenyewe waliliondoa watu walipolalamika, lakini fikiria, mtu alikuwa ameshalipa na nchi yake haiko hata kwa orodha.

AKOTH: Na serikali yetu inachukua VAT asilimia 16 kwa hizi huduma za kidijitali za kutoka nje. Basi na itulinde! Katiba kifungu cha 46 kinasema mnunuzi ana haki ya kupewa habari za kutosha, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Ile boksi yangu ilikuwa na habari za kutosha wapi?

BARAZA: Na sasa diski utaifanyia nini?

AKOTH: Nilitaka kuibadilisha, si unajua vile tunabadilishana, unamaliza yako unampa mwingine na yeye anakupa yake. Ndio njia pekee wengi wetu tunacheza gemu mpya. Nikauliza kwanza kama itakubali akaunti ya mtu mwingine, na hii yangu bahati nzuri inakubali.

BARAZA: Si basi uitoe.

AKOTH: Naitoa Jumamosi, kuna kijana wa Nyalenda anaitaka. Lakini nimeshanunua maka peni. Mbele ya boksi, juu ya hiyo picha yao nzuri, nimeandika kwa herufi kubwa: GIGA 71, INTANETI LAZIMA. Akiitaka hivyo, aichukue akijua.