Mechi za Mwisho, Kipenga Kimoja

Asanteni. Walionisikia siku za nyuma wanajua ninakoanzia, na hapo mstari wa mbele naona wawili wameshaanza kucheka. Ndiyo, Gijón, mji wa Hispania uliotufundisha kwa nini mechi za mwisho za kundi lazima zianze pamoja. Nitaacha kuisema Gijón siku wakubwa wa soka watakapoacha kuirudia.

Hispania, Kombe la Dunia la 1982. Tarehe 16 Juni, Algeria, wageni kabisa wa mashindano hayo, wanaifunga Ujerumani Magharibi, mabingwa wa Ulaya, mabao 2-1. Anaanza Madjer, Rummenigge anasawazisha, na kabla Wajerumani hawajamaliza kushangilia, Belloumi anatia la pili. Kisha Algeria wakafungwa 2-0 na Austria, na tarehe 24 wakaichapa Chile 3-2. Enzi hizo ushindi ulikuwa pointi 2, kwa hiyo walikuwa na pointi 4, mechi zimekwisha, wamekaa kusubiri. Kundi lilibakiwa na mechi moja tu, kesho yake mjini Gijón: Ujerumani Magharibi na Austria.

Pigeni hesabu pamoja nami, maana wenyewe walishaipiga. Ujerumani wakishinda kwa bao moja, wote wawili wanapita kwa tofauti ya mabao na Algeria inafungasha. Dakika ya 10, Hrubesch akafunga. Basi. Mpira ukafia hapo. Kilichofuata ni pasi za beki kwa beki, beki kwa kipa, na enzi hizo kipa aliruhusiwa kuudaka mpira aliorudishiwa, kwa hiyo alidaka, akapumzika, akauachia, ukamrudia. Mashabiki wa Algeria jukwaani wakawa wanapunga noti. Mtangazaji wa televisheni ya Austria akawashauri watazamaji wazime. Tumezoea kusema wapiganapo tembo nyasi huumia. Siku ile tembo walikataa kupigana, na nyasi ziliumia zaidi.

Algeria walikata rufaa. FIFA ikajibu kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa. Na hapa, ndugu zangu, ndipo ninapokosana na watu, kwa sababu nakubali! Haikuvunjwa kanuni yoyote. Kanuni yenyewe ndiyo ilikuwa mbovu.

Najua kuna mmoja humu atasema: lakini Algeria walikuwa wanaongoza 3-0 dhidi ya Chile mapumziko, nani aliwatuma waruhusu mawili? Hoja nzuri, nimeisikia mara nyingi. Na ni kweli, wangemaliza 3-0 wangekuwa na mabao mengi kuliko Austria, na lile bao moja la Hrubesch lisingewafaa Waaustria. Lakini sikilizeni unachosema: Algeria wangelinda ushindi wao bila kujua watahitaji nini, na wenzao wangeingia uwanjani kesho yake na karatasi ya majibu mfukoni. Wanafunzi wawili wakifanya mtihani leo na kesho, maswali yale yale, utamlaumu wa leo kwa kukosa mawili?

Dawa ikapatikana: kuanzia Mexico 1986, mechi za mwisho za kundi zikaanza saa moja ile ile. Mliona utamu wake Qatar 2022, usiku ule Costa Rica walipokuwa mbele ya Ujerumani na Japani mbele ya Hispania, kwa dakika chache Hispania na Ujerumani wote walikuwa nje. Hakuna aliyethubutu kupumzika.

Lakini Mexico hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea washindi wa tatu bora, yaani timu za nafasi ya tatu zenye matokeo mazuri kuliko za makundi mengine, nazo zinapita. Mlango ukafungwa kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukafungua dirisha. Na jina lenyewe! Mshindi wa tatu kati ya wanne. Kashinda nini? Uruguay walipita mwaka huo bila kushinda mechi hata moja, huku wamefungwa 6-1 na Denmark.

Ubaya si huruma kwa wanyonge, huruma siipingi. Ubaya ni kwamba timu za makundi tofauti zinashindania nafasi moja, na makundi hayamalizi siku moja. Kipenga kimoja kinafanya kazi ndani ya kundi tu. Kombe la Dunia la timu 48 lina makundi 12, na washindi wa tatu 8 wanapita. Anayecheza mwisho anajua kila kitu, anayecheza mwanzo anabahatisha.

Ee, Côte d'Ivoire, nilijua mtaileta. Wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, Januari 2024, wamepigwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, ni wa tatu kwenye kundi, wana pointi 3, wanasubiri siku mbili kujua kama Zambia, wa kundi lingine, itapata sare na Morocco. Sare tu ingewatoa. Ziyech wa Morocco akafunga, wenyeji wakapita, na Februari wakabeba kombe. Hadithi tamu, nilishangilia kama ninyi. Lakini Zambia waliingia wakijua namba kamili wanayoitafuta, na Wenyeji walikuwa wanatazama televisheni. Kwamba safari hii wenye majibu walishindwa hakuufanyi mtihani kuwa wa haki.

Tushukuru walau kwamba mpango wa FIFA wa 2017 wa kuligawa Kombe hilo la timu 48 katika makundi ya timu tatu uliachwa mwaka 2023. Timu tatu! Mechi ya mwisho wawili wanacheza, mmoja ameketi. Hiyo ni Gijón iliyochapishwa kwenye ratiba.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo mawili zaidi, la matokeo ya ana kwa ana badala ya tofauti ya mabao, na la kadi za njano kuamua nani apite. La kadi ni kichekesho, mtalisoma wenyewe. La ana kwa ana lina faida, lakini linahitaji saa nzima.

Dakika moja tu. 2014, Brazili, hatua ya mtoano, Algeria wakakutana tena na Ujerumani. Dakika 90 bila bao. Wakafungwa 2-1 muda wa nyongeza, uwanjani, kwa jasho. Hilo hawakulikatia rufaa.

Naona mkono kule nyuma. Kama ni lile bao mbili za Chile, nimeshajibu.