Mtoto Akisema "Naboeka", Usikimbilie Simu

Wazazi wenzangu, mlionisikia mwaka jana mtanivumilia, maana narudi palepale. Likizo ya Desemba hiyo inakuja. Siku ya tatu tu mtoto atakufuata jikoni, mabega yamemwanguka: "Mama, naboeka." Na wewe mkono mmoja uko kwenye mwiko, kwa hiyo utampa simu. Nyumba kimya. Mnaona mmemsaidia? Mmemkatiza!

Likizo moja mtaani kwetu umeme ulikatika tangu asubuhi. Mjukuu wangu ana miaka tisa. Saa ya kwanza alilalamika. Saa ya pili alijilaza sakafuni, anatazama pangaboi lililosimama. Bibi yake akaniambia, "Mzee, mfanyie chochote huyu." Nikakataa, na moyo uliniuma. Mara akanyanyuka, akatoka kibarazani, akarudi na ndala iliyokatika kanda, anaomba kisu. Nikampa, nikakaa karibu yake, sikusema neno.

Akaifunika ndala kwa kikombe cha kahawa, akachora duara, akakata magurudumu manne. La tatu lilikwenda mshazari. Akapasha msumari kwenye jiko la mkaa, akatoboa katikati. Raba ikafuka moshi hadi bibi yake akafoka. Ekseli zikawa spoki za baiskeli, bodi ikawa dumu la lita 5 lililokatwa ubavu. Alipolivuta, gari likavutia kushoto. Akaligeuza, akalitazama kwa muda mrefu, akazungusha gurudumu moja baada ya jingine mpaka akalipata lile bovu. Akalichomoa, akakata jingine. Hapo ndipo nataka mtazame, wazazi: kosa kaliona mwenyewe, dawa kaitafuta mwenyewe. Umeme uliporudi jioni hakuinua kichwa.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mwalimu, mtoto akikaa bure ataishia kijiweni." Ndugu yangu, nimesema asiburudishwe, sikusema atelekezwe! Mtu mzima yupo, vitu vya kuchezea mikono vipo, jibu ndilo hapewi. Na anayesema mjini hakuna uwanja, gari lile lilitengenezwa kibarazani.

Na sisi wakubwa tuko vilevile. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani, Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake, waliwaketisha watu peke yao kwa dakika 15, bila simu wala kitabu. Kulikuwa na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme, shoti ambayo walishaionja na kusema wangetoa pesa wasiipate tena. Wanaume 12 kati ya 18 walikibonyeza, wanawake 6 kati ya 24. Mtu anajipiga shoti kwa kushindwa kukaa na mawazo yake robo saa! Mwaka huohuo, Uingereza, Sandi Mann na Rebekah Cadman waliwapa watu kazi ya kunakili namba za kitabu cha simu, kisha wakawauliza vikombe viwili vinaweza kutumika kwa mambo gani. Waliochoshwa na namba walitaja mengi kuliko wasionakili.

Nilitaka kusema pia juu ya wazee waliostaafu, lakini naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi Desemba hii akija jikoni, mwambie "pole mwanangu", ukoroge mboga yako. Na ndala zilizokatika msizitupe.