Msikwangue Kuta: Mhadhara Kuhusu Makanisa ya Vijijini Uingereza

Ndugu zangu, minara na madirisha ya vioo vya rangi mtayasoma kokote. Mimi nimekuja kuzisemea kuta.

Nendeni Ashwell, Hertfordshire, kijiji tu. Ingieni kanisa la Mtakatifu Maria mpaka chini ya mnara, mtazame ukuta wa kaskazini. Jiwe lake ni la chaki, laini, kisu kinaingia. Hapo kuna mtu, jina lake halijulikani, alichonga kwa Kilatini: mwaka 1350, wa kusikitisha, mkali, wa vurugu; waliobaki ni makapi ya watu, ndio mashahidi. Tauni ndiyo kwanza imewapitia! Kisha yapo maneno ya upepo mkuu, na Mtakatifu Maurus akinguruma duniani, 1361. Ni dhoruba ya Januari, iliyopiga siku ya sikukuu ya mtakatifu huyo, ambayo sisi tunaiandika 1362 kwa kuwa mwaka wao ulianza Machi. Nionyesheni barua ya mfalme yeyote inayouma hivyo.

Najua kuna atakayesema, “Mwalimu, huko si kuchafua nyumba ya Mungu?” Hapana, jamani. Makanisa mengi ya zama hizo yana michoro ya misalaba, merikebu, hata viganja vya mikono. Wanakijiji wasio na makaburi ya marumaru waliacha alama zao hapo.

Sasa lipu. Kuanzia 1547, enzi za Mfalme Edward wa Sita, Waprotestanti walipopinga picha makanisani, picha za watakatifu zilizochorwa kwenye lipu zilipakwa chokaa, na chokaa hiyohiyo ikazitunza. Kule Pickering, Yorkshire, zilifichuka mwaka 1852. Kasisi hakuzipenda, akazifunika tena! Zikaja kufunuliwa upya miaka zaidi ya ishirini baadaye, na leo Mtakatifu George yumo ukutani akipambana na joka. Kwingine mafundi wa karne ya 19 walikwangua lipu hadi jiwe tupu, eti ndiyo uzuri. Kilichokwanguliwa hakirudi. Hilo ndilo lililomfanya William Morris, mshairi na msanii, na wenzake waanzishe chama cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877.

Na saruji! Chokaa huacha unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, jiwe likamomonyoka. Mafundi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wanalijua hilo vizuri.

Kuhusu kanisa la Escomb, kaskazini mwa Uingereza, lile la karne ya 7 lenye mawe ya ngome ya Warumi, muda hauniruhusu. Mkienda, chukueni tochi. Mulikeni ukuta kwa ubavuni, maana mwanga wa mbele hufuta mikwaruzo. Na mkikuta fundi na ndoo ya saruji, mwulizeni kibali cha dayosisi kiko wapi.