Mashine Imesafishwa, Funguo Zimekwenda

Wazazi wangu, ndugu zangu wa Lubumbashi, na ninyi vijana wenye vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi huko katika komini zetu za Kenya na Kamalondo, asanteni kwa kuja. Wengi mmeniuliza: kompyuta ikishukiwa kuingiwa na programu ya wizi, maneno ya siri yaliyohifadhiwa ndani yake tuyafanyeje?

Desturi yetu ni kumwita fundi, kupitisha antivirusi, kisha kurudi kazini. Haitoshi. Programu kama RedLine, iliyojulikana tangu 2020, au Lumma iliyoifuata, huweza kukusanya zinachotaka na kukituma kwa dakika chache, kwa hiyo antivirusi inayopita siku ya tatu inafagia nyumba ambayo mwizi ameshatoka na mzigo. Ni kweli kwamba kivinjari, kama Chrome, huyahifadhi maneno hayo yakiwa yamesimbwa, yaani yamegeuzwa yasisomeke bila ufunguo. Lakini katika Windows, kwa miaka mingi, ufunguo wa kuyasimbua umekuwa ukitolewa kwa akaunti ya mtumiaji, na programu uliyoifungua wewe hutenda kwa jina lako. Chrome iliongezewa kinga mwaka 2024, na wezi wakaipenya mwaka huohuo.

Niliketi na mwenye kibanda mmoja aliyeweka programu ya kufungua Office bila leseni, ambayo ilimwagiza kwanza azime antivirusi. Alipoingiwa na shaka alibadilisha neno la siri la barua pepe jioni ileile, kwenye mashine ileile. Tulipofungua orodha ya vifaa vilivyoingia katika akaunti, tulikuta simu yake, kompyuta yake, na kompyuta ya tatu iliyo katika nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Neno jipya alikuwa ameliandika mwizi akitazama.

Basi itenge mashine hiyo na intaneti, uchukue kifaa kingine unachokiamini, uanze na barua pepe, kwa sababu mwenye barua pepe yako hujitumia humo viungo vya kubadilisha maneno mengine yote. Ukishabadilisha, amuru vifaa vyote vitolewe kwenye akaunti: vidakuzi, yaani alama ndogo ambazo kivinjari hutunza kuonyesha kwamba umeshaingia, vikiibwa humwingiza mwizi bila kuulizwa neno lolote, hata namba ya uthibitisho. Tazama pia kama ameacha namba yake ya simu, au agizo la kumpelekea barua zako. Kisha fuata akaunti za fedha, na kama namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money uliiandika katika faili lenye jina “mot de passe” (neno la siri), ibadilishe leo.

Mashine yenyewe ifutwe, Windows iwekwe upya kwa flashi iliyotengenezwa kwenye kompyuta nyingine. Baada ya hapo ndipo programu ya kutunza maneno ya siri, kama KeePassXC au Bitwarden, ina maana. Ukiifungua kwenye mashine chafu, neno lake kuu, linalofungua mengine yote, nalo litanaswa.

Mwenye kibanda yule alichukua daftari lake la kazi, akawapigia simu mmoja mmoja wateja waliofungulia barua pepe zao kwenye mashine ile.