Dakika Ishirini za Nyatiti

Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliokuja na ala zenu, amosou uduto.

Nimeombwa niwataje wanamuziki ambao hawakupiga roki ya progresivu, ile roki ya nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, ila wangeipiga wangewashinda wengi. Wapenzi wa muziki wakiulizwa hivyo humtaja Stevie Wonder, na hawakosei. Mimi lakini nazungumza nikiwa Kisumu, na majina yangu ni ya hapa ziwani.

Muziki huo ulichipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. King Crimson walitoa santuri yao ya kwanza mwaka 1969. Mwaka 1972 kundi la Yes lilijaza upande mzima wa santuri kubwa kwa wimbo mmoja wa dakika zaidi ya 18, na Genesis nao wakatoa wa dakika kama 23. Wimbo wa namna hiyo ni kama boma lenye nyumba nyingi: unatoka hii unaingia ile, mapigo yanageuka, hadithi inaendelea.

Sasa mtazameni mpiga nyatiti, kinubi chetu Wajaluo. Mikono yake inakimbizana juu ya nyuzi nane. Kidoleni mwa mguu ana pete ya chuma, oduong'o, anayoigongesha kwenye mbao za ala. Mguuni ana gara, yaani njuga, zinazolia. Na mdomo unaimba. Mtu mmoja huyo! Halafu msikilizaji anamsimamisha, anatoa pesa, anajisifu kwa pakruok, yaani majigambo ya kujitaja, na wimbo unarudi kwa sura nyingine. Hivyo ndivyo unavyokesha matangani. Nani atamfundisha mtu huyu kutunga wimbo mrefu wenye sehemu nyingi?

Benga, muziki wetu wa magitaa, iliurithi ustadi huo. Gitaa la solo likajifunza kusema kama nyatiti. D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati, Tanzania, aliyevuma huku kwetu na Shirati Jazz, alikuwa msimulizi hasa. Hadithi hutangulia, kisha waimbaji hunyamaza, gitaa na besi zikapandana mpaka unasahau ulikuwa umeketi. Lakini alirekodi enzi za santuri ndogo, ambayo upande wake hubeba dakika chache tu. Kwa mjomba wangu, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kugeuza santuri. Hadithi ilikatika katikati, chumba kikanyamaza, mjomba akiwa bado ameinua kidole hewani akingoja sehemu ya pili. Kimya kile sijakisahau. Yes walipewa upande mzima. Misiani alipewa kipande, na ndani ya kipande hicho akaingiza kisa kizima. Huniambii kwamba aliyeweza hivyo angeshindwa na dakika ishirini.

Mtu atasema benga ni ya kucheza, na ile ya Waingereza ni ya kuketi na kusikiliza. Wazee waliopo hapa wanajua tulifanya yote mawili.

Ninayemlilia zaidi ni Ayub Ogada, mwimbaji na mpiga nyatiti aliyefariki mwaka 2019 hapa Nyahera. Albamu yake En Mana Kuoyo ilitoka mwaka 1993 chini ya Real World, lebo ya Peter Gabriel. Na Gabriel ni nani? Ndiye aliyekuwa mwimbaji wa Genesis hadi mwaka 1975, yule yule wa zile dakika 23. Wawili hawa walifahamiana! Katika albamu hiyo kuna Kothbiro: mvua yaja, ng'ombe warudishwe nyumbani. Ni wimbo mtulivu, nao unatosha ulivyo. Hata hivyo kila nikiusikia naona wingu likikusanyika juu ya ziwa kwa nyatiti peke yake, kisha besi ya upepo, watoto wakiitana malishoni kwa mapigo yanayopishana, ngoma za radi, na mwishowe matone ya nyuzi mbili tu baada ya mvua kupita. Vyote vimo tayari ndani ya wimbo ule. Vilihitaji nafasi.

Nyinyi vijana watatu wa nyuma, sogeeni mbele na nyatiti zenu. Anzeni na wingu. Nimemwomba mwenye ukumbi aifunike saa ya ukutani.