Dawa Zilizobaki, Sindano Zilizotumika: Nani Atazikuta?

REHEMA: Karibu, msikilizaji. Mimi ni Rehema, niko na Hamisi. Leo ni zamu ya dawa zilizobaki nyumbani na sindano zilizokwisha kutumika, na kila tutakaposema "usifanye hivi" tutakuambia ni nani anayeumia. Taka hazipotei ukishafunga mfuko. Yupo atakayeubeba, na yupo atakayeupekua. Kaka Hamisi, tuanzie kabatini.

HAMISI: Tuanzie hapo, dada. Toa dawa zote, zipange mezani penye mwanga, usome tarehe moja moja. Ikiandikwa mwezi na mwaka tu, dawa ni halali mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo. Lakini kuna kosa linalowapata wengi: tarehe ya kwenye boksi ni ya dawa ambayo haijafunguliwa.

REHEMA: Yaani ikishafunguliwa hesabu inaanza upya.

HAMISI: Inaanza upya, na mara nyingi ni fupi sana. Matone ya macho ya chupa, mengi yake hutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa, kwa sababu kila ukidondosha unaruhusu vijidudu kuingia. Antibayotiki ya unga ya watoto, ile unayoichanganya na maji, ikishachanganywa inadumu siku 7 mpaka 14, kutegemea ni dawa gani. Insulini iliyoanza kutumika, aina nyingi ni siku 28. Kwa hiyo chukua kalamu, andika tarehe ya kufungua juu ya chupa siku hiyohiyo. Bila tarehe hiyo, miezi miwili baadaye hakuna mtu ndani ya nyumba atakayekumbuka.

REHEMA: Na zile antibayotiki zilizobaki kwa sababu mgonjwa alipata nafuu siku ya tatu akaacha?

HAMISI: Hizo nazo ziingie kwenye rundo la kutupa, hata kama tarehe bado iko mbali. Vidonge vinne vilivyobaki si dozi ya mtu yeyote. Atakayevimeza kwa homa nyingine atajitibu nusunusu, au atajitibu ugonjwa ambao dawa hiyo haiugusi kabisa, na bakteria watakaosalia watakuwa wameshaizoea. Usugu wa dawa hulelewa na mabaki kama hayo.

REHEMA: Basi rundo la kutupa limepatikana. Linakwenda wapi?

HAMISI: Njia bora kuliko zote ni kurudisha: duka la dawa linalopokea, hospitali, au siku maalumu za ukusanyaji. Kuna nchi zimeshalizoea jambo hili. Ufaransa maduka ya dawa hupokea mabaki kutoka kwa wananchi, na Marekani tangu mwaka 2010 kuna siku za kitaifa za kurudisha dawa, kwa kawaida Aprili na Oktoba. Unapoishi kwingine, muulize mfamasia maswali matatu kabla hujabeba mfuko: mnapokea? Mnapokea dawa za maji pia? Na je, mnapokea sindano? Mara nyingi jibu la swali la tatu ni hapana, kwa sababu sindano zina njia yake.

REHEMA: Na unapozibeba, ziache kwenye chupa au karatasi zake ili anayepokea ajue ni dawa gani. Kinachofutwa ni jina la mgonjwa na namba ya cheti cha dawa. Boksi la nje na kile kijikaratasi cha maelezo havina haja ya kwenda huko.

HAMISI: Wakati unasubiri siku ya kurudisha, mfuko ukae juu, tena pamefungwa kwa ufunguo. Mtoto hajui kwamba rundo hili limestaafu.

REHEMA: Sasa nichukue nyumba ambayo haina pa kurudisha popote. Watu wengi watasema, "Namwaga sinki, navuta maji, yamekwisha."

HAMISI: Hayajaisha. Mitambo ya kusafisha maji taka haikubuniwa kuondoa dawa. Kuna jaribio lililofanywa Kanada kwenye ziwa dogo la utafiti. Watafiti walitia homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango kwa nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita, miaka mitatu mfululizo. Samaki wadogo madume wakaanza kutengeneza protini ya mayai, na jamii yao ikakaribia kutoweka ziwani humo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu.

REHEMA: Tuwe wakweli hapa: sehemu kubwa ya dawa iliyomo kwenye maji machafu inatoka mwilini mwetu, kwa mkojo.

HAMISI: Kweli kabisa. Hiyo hatuwezi kuizuia kwa urahisi. Ile ya chupa nzima kumwagwa sinki tunaweza kuizuia leo. Na kama nyumba inatumia tangi la maji taka, ukimwaga antibayotiki unadhuru bakteria walewale wanaoozesha uchafu humo.

REHEMA: Na kuchoma?

HAMISI: Moto wa uani haufiki joto linalotakiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unataka tanuri la angalau nyuzi joto 850 kwa dawa za kawaida, na dawa za saratani zisichomwe chini ya nyuzi 1,200. Jiko na shimo la taka haviko karibu na hapo. Unachopata ni moshi wenye sumu kutoka kwenye dawa na kwenye plastiki ya karatasi za vidonge, na anayeuvuta ni wewe uliyesimama na kijiti, na jirani.

REHEMA: Basi kinabaki kifanyike nini? Twende hatua kwa hatua.

HAMISI: Chukua mfuko wa plastiki unaofungika vizuri au kopo lenye kifuniko. Toa vidonge kwenye karatasi zake, vitie humo vikiwa vizima. Usivitwange. Watu hutwanga wakidhani wanaviharibu zaidi, kumbe wanatengeneza vumbi la dawa, wanalivuta puani na kulipaka vidoleni. Kisha ongeza kitu ambacho hakuna atakayetamani kukigusa: udongo, au machicha ya kahawa yaliyotumika. Kiwe kingi kuliko dawa, na kiwe na unyevu ili vidonge vianze kulegea. Dawa ya maji imwage humohumo, mpaka inywewe, isibaki ikiogelea. Tikisa, funga, tia mfuko wa pili, weka kwenye taka siku ya gari la taka kupita, si siku nne kabla.

REHEMA: Kwa nini si vidonge peke yake ndani ya mfuko uliofungwa?

HAMISI: Kwa sababu ya anayepekua. Mtoto, mbwa, au mtu anayeokota vitu vya kuuza. Karatasi ya vidonge inayong'aa, haijafunguliwa, ina jina la dawa inayojulikana, hiyo inarudi sokoni. Kidonge kilichogeuka tope la udongo hakirudi.

REHEMA: Yapo ambayo hayaingii kwenye tope hilo.

HAMISI: Yapo. Pampu ya pumu ina gesi iliyobanwa hata ukidhani imekwisha. Usiitoboe, usiitupe motoni, italipuka. Irudishe duka la dawa. Dawa za saratani, na nyingine kama methotrexate ambazo watu hupewa hata kwa maumivu ya viungo, zirudi hospitali zilikotoka zikiwa kwenye vifungashio vyake, na uvae glavu kuzishika. Kipimajoto cha zebaki nacho si taka ya kawaida.

REHEMA: Na bandiko la fentanili. Hapa naomba msikilizaji asogee karibu.

HAMISI: Bandiko la fentanili ni dawa kali ya maumivu, ya jamii ya afyuni, hubandikwa ngozini kwa siku 3. Likibanduliwa linaonekana limekwisha, lakini ndani bado kuna dawa nyingi, inayotosha kumuua mtoto atakayelibandika au kulitafuna. Wapo watoto waliokufa hivyo. Kwa hiyo likibanduliwa, lishike pembeni, likunje katikati upande wa gundi ukutane na upande wa gundi, libane mpaka likamatane. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ina orodha fupi ya dawa ambazo, ukikosa pa kuzirudisha haraka, unaruhusiwa kuzivutia maji chooni, na fentanili imo, mofini imo. Hapa hatari ya mtu kufa leo ndani ya nyumba imepimwa ikaonekana kubwa kuliko hatari ya mtoni. Dawa isiyo kwenye orodha hiyo haina ruhusa hiyo.

REHEMA: Sasa sindano, na hapa nitasema mimi zaidi. Chombo kwanza. Kile kisanduku cha hospitali cha lita 5 huchukua takriban mabomba 100 pamoja na sindano zake. Nyumbani, kama hujapewa kisanduku, tumia chupa ya plastiki nzito ya sabuni ya kufulia yenye kizibo cha kukaza. Ijaribu kwa kidole gumba: ukiibonyeza ikabonyea kama chupa ya maji ya kunywa, haifai, sindano itapenya. Chupa ya kioo inavunjika, na kopo la soda halina kifuniko.

HAMISI: Na iandikwe.

REHEMA: Iandikwe kwa wino usiofutika: SINDANO, HATARI, USIFUNGUE. Iweke pale pale unapochomea, imesimama wima, na usiishike mkononi wakati unatumbukiza. Sindano ikishatoka mwilini inaingia chupani papo hapo, ncha ikitangulia, pamoja na bomba lake. Usiipinde, usiivunje, usiichomoe kutoka kwenye bomba kwa vidole. Na usirudishe kifuniko.

HAMISI: Hilo la kifuniko watu wanalipinga sana. Wanaona ndiyo usalama wenyewe.

REHEMA: Tazama mikono ilivyo. Mkono mmoja una kifuniko chenye tundu dogo, mwingine una ncha iliyotoka mwilini, na yote miwili inasogeleana kwa kasi. Ukikosa kidogo, unachoma kidole cha mkono ulioshika kifuniko. Ikibidi kweli, kwa mfano uko safarini na chombo huna, laza kifuniko mezani, kiokote kwa ncha ya sindano ukitumia mkono mmoja tu, kisha kikandamize kwenye meza au ukuta mpaka kikae. Mkono wa pili uko mgongoni.

HAMISI: Na sindano za kalamu ya insulini, kile kifaa cha kujichomea dawa ya kisukari?

REHEMA: Hizo zinadanganya kwa udogo wake. Milimita nne tu, mtu anaona hazina neno. Lakini kila moja ina ncha mbili. Ya mbele inaingia ngozini, na ya nyuma, iliyofichwa ndani ya ule mdomo wa kukaza, inatoboa kopo la insulini. Ukiifungua kutoka kwenye kalamu, ncha ya nyuma iko wazi. Ina vifuniko viwili: kile chembamba cha ndani ukishakitoa usikirudishe kamwe. Kile kikubwa cha nje ndicho unachokiokota kwa mkono mmoja kama nilivyoeleza, unaikaza humo, unaizungusha itoke, unaiangusha chupani. Vile vichomeo vya kutobolea kidole kupima sukari navyo ni sindano, viingie humohumo.

HAMISI: Chupa inajaa lini?

REHEMA: Robo tatu. Chora mstari siku ya kwanza kabisa, maana ikifika huko hutaki kubahatisha. Ikizidi hapo mabomba yanajikwamisha, moja linasimama ncha juu, na mtu analishindilia kwa kiganja. Ikifika mstarini, kaza kizibo, zungushia gundi pana, peleka zahanati, kituo cha afya au kituo kinachopokea sindano. Usiimwage ili chupa itumike tena. Isiende kwenye plastiki za kurejelezwa pia, maana huko kuna watu wanaochambua kwa mikono.

HAMISI: Chooni je? Choo cha shimo.

REHEMA: Shimo hujaa, na siku likijaa kuna mtu atalizoa. Sindano haiozi. Kuchoma nako ni vilevile: plastiki inayeyuka inaondoka, sindano tupu inabaki kwenye majivu, haina hata bomba la kukuonya kwamba ipo.

HAMISI: Na aliyechomwa tayari?

REHEMA: Osha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usinyonye, usimwagie dawa ya madoa. Halafu nenda hospitali saa hiyohiyo. Kwa VVU, sindano yenye damu ya mwenye maambukizi huambukiza kama watu 3 kati ya 1,000 wanaochomwa, na dawa za kinga zinapunguza zaidi, lakini zianze ndani ya saa 72, ikiwezekana saa za mwanzo kabisa, na zimezwe siku 28 bila kuruka. Homa ya ini B ni kali kuliko hiyo: kwa asiyechanjwa, watu 6 hadi 30 kati ya 100, na kirusi chake hukaa hai nje ya mwili angalau siku 7. Kwa hiyo damu kukauka si kinga. Chanjo ipo, na mhudumu atakuuliza kama umeipata.

HAMISI: Aende na ile sindano ikapimwe?

REHEMA: Hapana, kuipima hakusaidii, na kuibeba ni kumhatarisha mwingine. Ila usiiache pale ilipo. Peleka chombo kwenye sindano, si sindano kwenye chombo. Kiweke chini kando yake, kikae chenyewe bila kushikwa. Watoto wasogee. Vaa glavu nene, chukua koleo, kamata upande wa bomba, ncha ikitazama mbali nawe, ishushe ndani ncha ikitangulia. Kaza kizibo. Koleo lisafishwe, mikono ioshwe, ndipo watoto warudi.